Ufupi wa Mpunga katika Bonde la Pangani

Wapo wanaosema mkulima wa mpunga wa Tanga hakuzikimbilia mbegu za bua fupi kwa sababu ya kung'ang'ania mazoea. Sikubaliani nao, na ushahidi uko kwenye bua lenyewe. Tuanze na ngano: aina fupi iliyoenea duniani ilitokana na Norin 10, mbegu ya Japani ya mwaka 1935. Mmea huo unayo jiberelini, homoni inayorefusha bua, ila hauiitikii. Hata ukinyunyiziwa nyingine, unabaki vilevile. Mpunga wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, una kasoro tofauti: hautengenezi homoni hiyo ya kutosha, na ukinyunyiziwa hurefuka. Matokeo ni mamoja. Nguvu ya mbolea huenda kwenye masuke, na bua halilali kwa uzito wa punje.

Lakini faida hiyo hudai mbolea, tena na maji yanayodhibitiwa. Ndiyo maana IR54, mbegu ya ukoo huohuo, ilistawi kwenye mifereji ya Lower Moshi miaka ya 1980, katika bonde lilelile la Mto Pangani unaoishia baharini mkoani Tanga. Kwenye mabonde ya pwani yanayotegemea mvua, maji hupanda yatakavyo na magugu husonga miche. Hapo mpunga mrefu huviinukia vyote viwili. Mtu atasema mrefu hulala. Ni kweli, hasa ukirutubishwa sana, na mkulima asiye na mbolea hana sababu kubwa ya kuiogopa hasara hiyo. Isitoshe, mchele wa kunukia wa mbegu hizo ndefu una wateja wake, ilhali IR8 ulilalamikiwa hata Ufilipino kwa wali wake unaokuwa mgumu ukipoa.