Kailash: Mlima mtakatifu usiopandwa na mahujaji

MLIMA Kailash, ulioko magharibi mwa Tibet nchini Uchina, ni miongoni mwa mahali patakatifu zaidi kwa waumini wa dini ya Kihindu. Una urefu wa mita 6,638 kutoka usawa wa bahari, yaani unaupita Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 700. Hata hivyo, hakuna kumbukumbu ya binadamu aliyewahi kukifikia kilele chake. Mahujaji huuzunguka mlima huo, hawaupandi.

Kwa imani ya Wahindu, kileleni ndiko maskani ya Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu, pamoja na mkewe Parvati, ambaye jina lake lina maana ya binti wa mlima. Wengi huuhusisha Kailash na Meru, mlima ambao maandiko ya kale ya Kihindu huutaja kuwa kitovu cha ulimwengu. Meru huo wa ngano hauna uhusiano na mlima wa jina hilo nchini Tanzania.

Husimuliwa kwamba Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, alijivunia nguvu zake akajaribu kuung'oa Kailash. Shiva aliukandamiza kwa kidole cha mguu, na Ravana akabanwa chini yake hadi alipomwimbia sifa mungu huyo ndipo akasamehewa. Kisa hicho kimechorwa kwa patasi katika hekalu la Kailasa huko Ellora, jimbo la Maharashtra nchini India, ambalo lilichongwa katika mwamba mmoja katika karne ya 8.

Wabudha, Wajaini na wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, pia huutukuza mlima huu. Wahindu na Wabudha huuzunguka wakiuweka upande wao wa kulia, ilhali wafuasi wa Bon huenda kinyume chao.

Mzunguko huo una urefu wa kilomita 52 hivi, na kwa kawaida huchukua siku tatu. Mahali pa juu kabisa katika njia hiyo, Drolma La, ni zaidi ya mita 5,600, ambapo hewa ni haba na mwenye moyo au mapafu dhaifu huweza kupoteza maisha. Baadhi ya Watibeti huumaliza mwendo wote kwa kusujudu kifudifudi hatua baada ya hatua.

Karibu na mlima huo lipo ziwa Manasarovar, ambalo Wahindu huamini liliumbwa kutokana na fikra za mungu Brahma na kwamba maji yake huondoa dhambi. Katika eneo hilo pia ndiko zilipo chemchemi za mito Indus, Sutlej, Brahmaputra na Karnali, ambayo maji yake huishia katika Ganges.

Hata hivyo, hija hii hutegemea uhusiano kati ya India na Uchina. Baada ya vita vya mwaka 1962 baina ya mataifa hayo, mahujaji wa India walizuiwa hadi 1981. Mnamo Agosti 1998, maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Malpa, upande wa India, yaliua zaidi ya watu 200, wakiwemo mahujaji wengi na mcheza ngoma mashuhuri Protima Bedi.

Safari zinazoandaliwa na serikali ya India zilisitishwa tena mwaka 2020 kutokana na janga la corona, mwaka ambao pia majeshi ya nchi hizo yalipambana mpakani. Zilirejea Juni 2025, zikiwa na nafasi 750 zilizogawanywa kwa kura.

Umri wa mwisho unaoruhusiwa katika safari hizo ni miaka 70. Muumini aliyekuwa na miaka 66 njia ilipofungwa, alikuwa amekwisha kuupita ilipofunguliwa.