Kutoka Brashi hadi Stika: Waandishi wa Vibao vya Biashara Mjini Eldoret

Mji wa Eldoret ulianza maisha yake kwa namba. Katika upimaji wa mashamba ya nyanda za Uasin Gishu, shamba lililopakana na Mto Sosiani lilipewa namba 64, na posta ilipofunguliwa hapo mwaka 1910 ilichukua namba hiyo kuwa jina lake. Wenyeji waliitamka namba hiyo kwa ulimi wao wenyewe, ikawa Sisibo. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni iliupa mji jina rasmi kutokana na neno la Kimaasai, eldore, lenye maana ya mto wa mawe, likaongezwa t mwishoni ili lifanane na matamshi ya Kinandi. Hivyo basi, kabla hata ya kuwa na barabara ya kutajika, mahali hapo palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza, pametamkwa Kikalenjin, na pamebatizwa kwa Kimaasai.

Makala haya yanakusudia kuwachunguza watu waliouandika mji huo baadaye, yaani mafundi wa vibao vya maduka, hoteli, vinyozi na magari. Nia hasa ni kulipima dai moja linalosikika sana miongoni mwa mafundi wa zamani: kwamba kazi hiyo iliharibiwa na mashine ya kukata stika, kwa sababu mashine hiyo ilimfungulia mlango mtu yeyote mwenye mtaji mdogo hata kama hakuwahi kushika brashi. Dai hili lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, historia ya mji wenyewe hairuhusu likubaliwe lote.

Maandishi ya mwanzo ya mji yalikuwa ya wageni. Makaburu waliowasili mwaka 1908 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walilipa kanisa lao jina la Vergenoeg, ambalo maana yake ni "mbali vya kutosha". Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja kujenga maduka waliandika majina ya koo zao juu ya milango, na reli ilipofika mwaka 1924 biashara zao zikapanuka. Kiswahili kilitumika sana mdomoni, dukani na shambani, lakini ubaoni hakikuonekana ila kwa nadra. Lugha ya kuuzia haikuwa lugha ya kutangazia, na dalili za mgawanyiko huo zingali wazi hadi leo.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Uhuru. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwawekea mipaka wafanyabiashara wasio raia, ikataja maeneo ambamo hawangeruhusiwa kufanya kazi na bidhaa ambazo hawangeruhusiwa kuuza. Maduka mengi katika miji ya Kenya yalibadilisha wenyewe. Duka likibadilisha mwenyewe hubadilisha kibao, na hapo ndipo mwandishi Mwafrika wa vibao alipopata soko la kweli. Aghalabu wanahistoria wa uchumi huzungumzia leseni, mikopo na mashamba, wakamsahau mtu aliyepanda ngazi akafuta jina moja na kuandika jingine. Yeye ndiye aliyeufanya uhamisho huo usomeke.

Ujuzi wa mtu huyo ulikuwa na taratibu zake. Kijana aliyejiunga na fundi hakupewa brashi siku ya kwanza. Aliosha vyombo kwa mafuta ya taa, alikwangua kutu juu ya bati, alipaka rangi ya msingi, kisha akafundishwa kuvuta uzi uliopakwa chaki ili upige mistari miwili iliyonyooka. Baada ya hapo aliruhusiwa kujaza rangi ndani ya herufi ambazo fundi amekwisha kuzichora. Kuchora mzunguko wa O kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine ukishika kijiti chenye nguo nchani cha kuegemea, kulikuja mwisho kabisa. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa nafasi. Herufi M hula nafasi kubwa na I hula nafasi ndogo. A ikifuatwa na V, zisiposogezwa karibu, huacha pengo linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Haya hayakuandikwa katika kitabu chochote cha mwanagenzi. Aliyajua kwa kuambiwa afute aanze upya.

Lakini si kila fundi alipita njia hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, ambayo iliieneza sana dhana ya sekta isiyo rasmi, ilionyesha kuwa sehemu kubwa ya watu wa mijini walijitafutia riziki nje ya ajira iliyoandikishwa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi kwa tumaini kwamba mhitimu angeweza kujitegemea. Kijana aliyepata alama nzuri katika uchoraji, akakosa karo ya sekondari, alinunua kopo la rangi na kujitangaza. Serikali ilikuwa na mitihani yake ya ufundi ya madaraja matatu. Mwenye duka hakuuliza cheti, aliuliza bei. Hata nje ya Kenya mambo hayakuwa tofauti sana. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila mafunzo yoyote ya sanaa, kwa rangi ya baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 tayari alikuwa ameacha wanafunzi na mtindo wenye jina lake. Chéri Samba wa Kinshasa alianza kwa kuandika vibao kabla ya picha zake kutundikwa Ulaya. Basi anayedai kwamba zamani kila mwandishi wa vibao alikuwa amefunzwa anasimulia zamani ambayo haikuwapo.

Lililowaunganisha waliofunzwa na wasiofunzwa lilikuwa mkono. Mtu asiye na mkono mzuri alijulikana siku hiyo hiyo, naye aliiacha kazi au akajifunza.

Pigo la kwanza dhidi ya mkono halikutoka kwa mashine, ijapokuwa mara nyingi husemwa hivyo. Lilitoka kwa kampuni kubwa na kwa sheria. Kampuni za simu za mkononi zilipoanza kushindana mwaka 2000, zilipaka majengo mazima rangi zao kote nchini. Kampuni iliyoanza mwaka huo kwa jina la KenCell iliitwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010: majina manne ndani ya miaka kumi, na kila jina lilidai kupakwa upya. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, vibanda vya mawakala vilienea kwa rangi ya kijani. Kazi ilikuwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Hata hivyo ilikuwa kazi ya kunakili. Umbo la herufi liliamuliwa Nairobi au ng'ambo, na fundi alitakiwa asionekane. Kwa upande wa magari, kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zililazimisha matatu ziwe na utepe wa manjano ubavuni pamoja na jina la njia, na michoro iliyokuwa fahari ya mafundi wengi ikafutwa. Mstari ulionyooka wa rangi moja hauhitaji msanii. Unahitaji stika.

Stika, au vinaili kwa jina lake la kiwandani, ni utando mwembamba wa plastiki wenye gundi upande mmoja. Plastiki yenyewe ililainishwa kwa mara ya kwanza na Waldo Semon wa Marekani mwaka 1926. Mashine za kuikata kwa kuongozwa na tarakilishi zilianza kuuzwa kwa waandishi wa vibao wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na programu ya CorelDRAW, ambayo karibu kila karakana ya Eldoret inaifahamu, ilitoka mwaka 1989. Utaratibu ni mfupi kueleza. Maneno huandikwa katika tarakilishi, kisu cha mashine huchora mipaka ya kila herufi bila kukata karatasi ya chini, fundi hubandua vipande visivyotakiwa, hufunika herufi kwa utepe wa kuhamishia, kisha huzibandika mahali pake kwa kuzisugua.

Mtu aliyeianza kazi hii bila uzoefu alidhani kwamba amenunua ujuzi pamoja na mashine. Kwa sehemu alikuwa amenunua: O yake ilikuwa duara kamili tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mwanagenzi wa zamani alilisubiri muda mrefu. Yaliyobaki aliyakuta ukutani. Eldoret iko juu ya bahari kwa mita 2,100 hivi, na asubuhi zake ni baridi. Gundi nyingi za stika hazishiki vyema joto likishuka chini ya nyuzi 10, wala hazishiki penye umande. Herufi zilizobandikwa saa moja asubuhi katika msimu wa mvua zilianza kuinuka pembeni kabla ya wiki kwisha. Vumbi la barabara isiyo na lami liliingia chini ya stika na kuacha vipele. Kisu kilichozamishwa kupita kiasi kilikata hadi karatasi ya chini, na roli nzima ikapotea. Jua kali la nyanda za juu liliichujua rangi nyekundu ya bei nafuu mapema kuliko rangi nyingine.

Hapa ndipo penye tofauti ya maana kati ya vizazi viwili. Mwanagenzi wa brashi alikosea juu ya bati la fundi wake, na kosa likafutwa kwa kitambaa. Mwanzilishi wa stika alikosea juu ya kioo cha mteja, kwa roli aliyoinunua mwenyewe, pengine kwa mkopo. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana iliyoanzishwa mwaka 2006, Hazina ya Uwezo ya mwaka 2013, na agizo la mwaka 2013 la kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali, vyote viliwavuta watu katika biashara ndogo kama hii. Kaunti ya Uasin Gishu ilipoanza kazi mwaka huo huo ikiwa na wadi 30, kila ofisi mpya ilihitaji kibao. Mtaji ulipatikana. Ngazi ya fundi mzee ya kusimama chini yake na kutazama haikuwa na hazina.

Kwa wasomaji wa jarida la lugha, suala la Kiswahili ubaoni haliwezi kuachwa. Kibao hulipiwa kwa ukubwa au kwa wingi wa herufi, na Kiswahili ni lugha ya viambishi. Neno "tunatengeneza" lina herufi 13, nalo ni kitenzi tu. Bado viatu havijatajwa. Katika stika kuna gharama nyingine ambayo mtu wa brashi hakuijua. Kila tundu lililo ndani ya herufi hubanduliwa kwa mkono, kwa ncha ya wembe. Neno BARABARA likikatwa kwa herufi kubwa lina matundu kumi: mawili katika kila B, moja katika kila A na moja katika kila R. Neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo lina manne. Ingekuwa kutia chumvi kusema kwamba Kiingereza kimetawala vibao vya Eldoret kwa sababu ya matundu, kwani heshima ya lugha ndiyo sababu kubwa, na Katiba ya mwaka 2010 iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi haikuubadilisha mtaa kwa haraka. Hata hivyo mwenye karakana anayemshauri mteja afupishe maneno humshauri, pasipo kukusudia, aache Kiswahili. Maneno yaliyostahimili ni yale mafupi: duka, hoteli, kinyozi, bucha, posho.

Jambo la majina ni zito zaidi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliupiga mji huu vibaya. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, waliteketezwa kwa moto. Wafanyabiashara wengi walihama. Katika mji uliopitia hayo, jina la ukoo au la kijiji cha asili juu ya mlango hueleza mengi kuliko bidhaa iliyo ndani. Mwenye duka ana sababu ya kuchagua neno lisilo na kabila, neno la dini, la matumaini au la ng'ambo, na aliyebandika neno hilo alishiriki uamuzi huo ingawa alilipwa kwa herufi tu.

Mkata stika naye hakustarehe. Mabango ya turubai yanayochapwa moja kwa moja, picha na maandishi pamoja, yalishuka bei na kumnyang'anya kazi za matangazo ya harusi, ibada na kampeni. Juu ya hayo, Jedwali la Nne la Katiba liliipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara na juu ya matangazo ya nje. Jedwali hilo hilo liliipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, ambako mwanzilishi angeweza kufundishwa kwa gharama ndogo kuliko roli mbili alizoziharibu. Ada za matangazo zimefuatiliwa kwa bidii kuliko mafunzo.

Brashi haikufa. Stika hushika juu ya kioo, bati laini na ubavu wa gari. Juu ya plasta yenye chembechembe hukataa. Kwa hiyo mji umegawanyika kufuatana na vifaa vya ujenzi. Kando ya Barabara ya Uganda na katika mitaa ya kati yenye maduka ya vioo, herufi ni za mashine. Katika kuta za saruji za Langas na Huruma bado kuna kazi ya rangi ya mafuta, na baadhi ya wenye mashine wamelazimika kumtafuta mtu wa brashi na kugawana naye malipo. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, kila mahali palipoandikwa manispaa palipaswa kubadilishwa. Vibao vya ofisi vilihitaji stika mpya. Penye plasta aliitwa mtu mwenye ngazi, kopo na uzi wa chaki.