Udumifu, Si Uendelevu

Hivi karibuni nilishinda kwenye ofisi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika, upande wa milima ya Tarime, nikimsikiliza kijana akiwasomea wakulima wa kahawa maswali kutoka kwenye kishikwambi. Kazi yake ilikuwa na jina refu: Upimaji wa Uendelevu wa Kijamii katika Mnyororo wa Ugavi. Dodoso hilo halikuzaliwa mkoani Mara. Lilitungwa kwa ajili ya kakao ya Ivory Coast na Ghana, likafasiriwa kwa ajili ya wakulima wa Kyela, kisha mtu akafuta "kakao" akaweka "kahawa". Mahali pamoja alipitiwa. Kijana akasoma: "Je, watoto hutumia panga kupasua maganda ya kakao?" Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejibu, naye akajaza "hapana" akaendelea na swali lililofuata.

Kusahau neno moja kunasameheka. Nisichoweza kukisamehe kimo ndani ya jina lenyewe la kazi, na nimekinyamazia kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili. Ni neno uendelevu.

Tuanze lilikotoka. Waingereza walilichukua neno lao kwenye Kilatini, sustinere: sub ni chini, tenere ni kushika. Ni kukishikilia kitu kwa chini kisianguke. Dhana yenyewe ilikomaa msituni. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliona tanuru za kuyeyushia madini zinamaliza miti, akaandika kitabu kizima kutaka ikatwe kwa kiasi ambacho msitu utabaki kuwa msitu. Mwaka 1987 tume ya Gro Harlem Brundtland ikalisambaza neno hilo duniani pote. Katika safari hiyo yote, msituni hadi Umoja wa Mataifa, kiini hakikubadilika: kitu kibaki.

Sasa litazame letu. Mzizi wake ni enda. Kutoka enda tumepata endelea, na kutoka endelea tukapata maendeleo. Kwa hiyo tunapoandika "maendeleo endelevu" tunaandika kitenzi kimoja mara mbili, mara ya kwanza kama nomino na mara ya pili kama sifa. Mfasiri anayelazimika kusema kitu kilekile mara mbili hajapata neno. Isitoshe, kitu kinachoendelea si lazima kiwe kimeshikiliwa na chochote. Vita vinaendelea. Wizi wa ng'ombe unaendelea. Hata jiwe likiporomoka mlimani linaendelea mpaka lifike bondeni.

Sibishani na umbo. Kama tulia inavyozaa tulivu, na vumilia ikazaa vumilivu, endelea ina haki ya kuzaa endelevu. Lakini waliolizindua hawakulivisha hata viambishi vya wenzake. Tunasema mtu mvumilivu na kijiji kitulivu, ila tunasema mpango endelevu, kilimo endelevu, miradi endelevu, neno limesimama kama mgeni aliyekataa kuvua viatu mlangoni. Nenda Mugumu ukasome mabango: utalii endelevu, uhifadhi endelevu, ufugaji endelevu. Limebandikwa kila mahali, na upatanisho wa kisarufi halina.

Neno tulilokuwa nalo siku zote ni dumu. Limetoka kwenye Kiarabu, dama, na ndugu yake wa damu ni daima. Haribu inazaa haribifu, tii inazaa tiifu, na dumu kwa kanuni ileile inazaa dumifu: kilimo kidumifu, mpango mdumifu, kahawa dumifu. Udumifu na uharibifu vinasimama ana kwa ana kama mchana na usiku, na ndivyo dhana yenyewe inavyodai. Kipimo kingine cha istilahi ni ukoo wake. Kudumu, kudumisha, udumishaji, mdumishaji, udumifu: kila nafasi ina mtu wake. Upande wa pili, kuendeleza kumeshachukuliwa na maana ya kukuza, kwa hiyo uendelevu hauna kitenzi cha kutenda. Na mtu asiniambie kwamba watu hawalijui neno hili. Wimbo wetu wa taifa, unapoombea uhuru na umoja, umechagua kudumisha. Mikutano ya vijijini imefunguliwa kwa "kidumu" tangu sijazaa mtoto wa kwanza. Mtanzania anayetaka kitu kisimkatikie anasema kidumu.

Niliyaandika haya kwa kamati moja ya wataalamu. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: pendekezo limepokelewa. Baadaye mjumbe mmoja alinieleza ukumbini, mbele ya watu, kwamba udumifu ungewakumbusha wananchi madumu ya maji, na kwamba kuna "ulemavu wa kudumu", kwa hiyo neno limebeba kilema. Nilikwazika, na bado nimekwazika. Kiswahili kina paa la nyumba na paa wa mwituni, na hakuna aliyewahi kuezeka nyumba kwa mnyama. Kuhusu ulemavu, ugonjwa nao huendelea, mbona hatukulikataa endelea?

Tukiwa bado kwenye jina lile la kazi, ugavi umetoka kwenye gawa kama ulevi ulivyotoka kwenye lewa. Bohari ya dawa inagawa. Mkulima wa Tarime hagawi kahawa, anaiuza. Mnyororo wa ugavi unalitazama zao kwa macho ya mwenye ghala.

Lakini palipooza zaidi ni kwenye "kijamii". Kiambishi ki- kinaonyesha namna: kizee, kitoto, kizungu. Uendelevu wa kijamii ni uendelevu wa namna fulani, wenye rangi ya jamii. Udumifu wa jamii unataja mwenye kudumu: ni jamii yenyewe. Jamii ni ndugu wa jamaa, na jamaa ndiyo iliyozaa ujamaa, neno ambalo mtu wa Butiama, mkoani humuhumu Mara, alilipa dunia nzima. Hakusema "mfumo wa kijamaa-jamaa".

Tofauti hiyo niliiona siku ileile pale kwenye ofisi ya ushirika. Mama mmoja wa makamo aliulizwa mkuu wa kaya ni nani. Akajibu ni yeye. Mwenza wake? Akataja jina la mwanamke.

"Mama, nauliza mwenza wako."

"Ndiye huyo, mwanangu. Ni mke wangu, nimemtolea ng'ombe."

Kishikwambi kikagoma. Hakikuwa na nafasi ya mwanamke mwenye mke. Msomaji wa Tarime hahitaji kuelezwa nyumba ntobhu: mama asiyejaliwa mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake amzalie, ili nyumba yake isife. Sisemi desturi hiyo haina maumivu. Wapo mabinti walioingizwa humo wangali wadogo, na hilo ndilo dodoso lilipaswa kuliuliza. Lakini pale mbele yetu alikuwa amekaa mtu aliyetoa mifugo yake kuidumisha nyumba, na chombo kilicholetwa kupima jambo hilohilo kikamwandika "hana mwenza". Wala hakikuwa na swali juu ya Desemba, mwezi ambao wasichana wa Tarime na Serengeti hukimbilia nyumba salama kuepuka ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 tangu sheria ya mwaka 1998.

Liko pia swali lililoandikwa "ajira kwa watoto". Ajira ni ndugu wa ujira. Baba ambaye binti yake wa miaka kumi anabeba gunia la buni na kukosa shule atajibu kwa moyo safi kwamba hajaajiri mtoto yeyote, na jedwali litaonyesha sifuri. Kampuni za chokoleti ziliahidi mwaka 2001 kukomesha aina mbaya kabisa za kazi za watoto katika kakao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa bado kwenye kazi za watoto katika kakao nchini Ivory Coast na Ghana, wengi wao kwenye mashamba ya familia zao, bila mshahara wala mwajiri. Jina la jambo hili ni utumikishwaji wa watoto. Anayeuliza juu ya ajira amepima kitu kingine.

Kwa matumizi ya kila siku: kipato kidumifu, ushirika mdumifu, upimaji wa udumifu wa jamii.

Nawaomba mnaoandaa dodoso la msimu ujao. Andikeni udumifu wa jamii. Andikeni utumikishwaji wa watoto. Na kwenye swali la mwenza, acheni nafasi ya kuandika jibu alilolitoa mama yule kwa kinywa chake.