Namba ya +255 inapopotelea njiani: kusimba herufi kwenye URL

Wadau, leo naongea na vijana wa Arusha mnaotengeneza programu za simu. Mteja anajisajili kwa namba inayoanza na +255, programu inatuma ombi kwenye seva, halafu kimya. Ile meseji ya kuthibitisha namba haifiki ng'o, na mteja anaenda kwa mwingine. Watu wanalaumu mtandao, kumbe mara nyingine tatizo ni hiyo alama ya kujumlisha.

Iko hivi: kwenye URL, baada ya alama ya kuuliza, seva nyingi husoma + kama nafasi tupu. Ni desturi iliyotokana na fomu za wavuti. Kwa hiyo simu=+2557... inasomwa kama nafasi ikifuatiwa na 2557..., na namba ya namna hiyo haimo kwenye hifadhidata. Dawa ni kuandika %2B badala ya +.

Utaratibu wenyewe uko kwenye RFC 3986 ya Januari 2005, ambayo Tim Berners-Lee, yule mbunifu wa wavuti, ni mmoja wa waandishi wake. Herufi za A mpaka Z, kubwa na ndogo, tarakimu, na alama nne tu (- . _ ~) hazihitaji kusimbwa. Nyingine zikiwa ndani ya data yako, bora uzisimbe: nafasi ni %20, & ni %26, reli (#) ni %23, mkwaju (/) ni %2F, na % yenyewe ni %25.

Ukiacha & ndani ya duka=Mboga & Matunda, seva inapata "Mboga" peke yake. Reli ni mbaya zaidi, maana kinachoifuata hakitumwi kabisa. Hata kiungo cha kupiga *150*00# ya M-Pesa kwenye Android, kile kinachoanza na tel:, kinapoteza reli usipoweka %23.

Sasa chukua kijiji cha Ng'iresi, pale kwenye miteremko ya Meru. Ritifaa iliyonyooka ni %27, ila iPhone hupenda kuibadilisha iwe iliyopinda, ambayo ni %E2%80%99. Zote zitafika salama, lakini kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti, na mgeni anayetafuta kijiji ataambiwa hakipo. Hapo kusimba peke yake hakutoshi, geuza ritifaa zote ziwe za aina moja kwanza. Majina yenye ng' tunayo kibao, msilichukulie poa hili.

Mimi sishauri mtu asimbe kwa mkono. JavaScript ina encodeURIComponent (siyo encodeURI, hiyo inaziacha &, + na # kama zilivyo). Android tumia Uri.Builder na appendQueryParameter. Kwenye Flutter ipo Uri.encodeQueryComponent. Wa iPhone muwe macho: URLComponents haiigusi +, inabidi uibadilishe mwenyewe iwe %2B.

Simba kila thamani peke yake, tena mara moja tu. Ukirudia, %2B inageuka %252B na seva inabaki na %2B badala ya +.

Kabla ya kuiachia programu, jaribu Ng'iresi, namba ya +255 na duka lenye &, kisha uangalie upande wa seva kimefika nini. Mnaotumia lugha nyingine, semeni hapo chini mnafanyaje.