Kutoka Mafiga Hadi Jiko la Udongo



Hapa kwetu Gumbo, ng'ambo ya Nile kutoka Juba mjini, alfajiri haipiti bila kanuni kuwashwa. Ndilo jiko la mkaa, na watoto wetu hudhani umbo lake ni la tangu na tangu. Sivyo.

Wazee wetu waliinjika chungu juu ya mafiga matatu. Figa halinunuliwi, lakini moto hupeperuka pande zote na kuni huisha upesi. Kisha likaja jiko la bati, ambalo husemwa liliingia Kenya pamoja na mafundi wa Kihindi waliojenga reli kuanzia 1896. Hili lilifaa mkaa na lilibebeka, ila bati hupata moto kuliko sufuria, na joto kubwa huishia hewani.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati Nairobi. Katika miaka iliyofuata wabunifu wa Kenya walitazama jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, wakaliunganisha na bati la kienyeji. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalitengeneza, na wanawake wapishi wakatoa maoni yao. Ndipo likapata kiuno chembamba: udongo wa kuchomwa huwekwa nusu ya juu tu, panapokaa mkaa, na majivu huanguka chini kupitia matundu. Hivyo jiko likawa jepesi, na udongo ukalizuia joto lisipotee. Huokoa takriban theluthi hadi nusu ya mkaa. Likaenea Uganda, Tanzania na Sudan.

Sisi tunaonunua mkaa kwa kopo tunajua maana ya nusu hiyo. Ni sukari ya chai, ni daftari la mtoto, na ni mti uliobaki umesimama. Israfu si ya chakula peke yake.

Lakini tahadhari: hata jiko bora hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tusilale nalo chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata usiku wa mvua na baridi. Pikieni nje au penye upepo.

Na jioni ya leo, kabla ya kuinjika chai, waonyesheni watoto kile kiuno cha jiko, muwaulize: kwa nini kiko hapo?