Bertrams, mtaa wa wageni

Wadau, wengi mnaniuliza huku Bondeni naishi wapi. Naishi Bertrams, Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park, pale Mandela alipokabidhi Kombe la Dunia la raga mwaka 1995. Mtaa ulianza 1889, miaka mitatu baada ya dhahabu kugunduliwa, na siku zote umepokea wageni. Weusi na weupe walichanganyika hapa, mpaka sheria ya mitaa duni ya 1934 ikatumika kuwaondoa weusi. Wengi walipelekwa Orlando.

Mwaka 2008 ikawa zamu yetu wageni: fujo ziliua watu zaidi ya 60 nchini. Ndiyo maana nikitoka kazini usiku, muuza duka Mkongo akinisalimia kwa Kiswahili, namjibu kwa sauti ya chini.

Haya jamani, za huko nyumbani?