Siti ya Safari Ndefu

Kabla ya 2008, hapa Chuka nilikuwa nashona makochi na siti za matatu. Mwaka huo serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, bodaboda zikajaa barabara ya Embu hadi Meru, nami nikapata kazi mpya ya kushona siti zake.

Wateja wa mwanzo walitaka sponji laini. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, raha. Ukifika Runyenjes, imelala na makalio yanagusa plastiki. Tukahamia sponji ngumu, pana nyuma, nyembamba karibu na tangi ili miguu ifike chini. Mshono tukausogeza pembeni, maana ukipita katikati, mvua hupenya matundu ya sindano. Siku hizi abiria hukagua siti kwanza, ndipo aulize nauli.